Ukifika miaka 60 utaishi wapi, na mzigo utautolea wapi?

Leo tuache wateja na bei kidogo, tuongee uzeeni utakaa wapi.

Mtumishi wa serikali anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, au kwa hiari kuanzia 55, na pensheni inamfuata alipo. Sisi wa kuuza kwenye simu hakuna wa kutustaafisha. Wengi hata mfuko hatuchangii (NSSF inapokea waliojiajiri, hiyo tutaiongelea siku yake). Kwa hiyo tutaendelea kuuza kidogo kidogo tukiwa wazee, na pa kuishi ndipo pa kufanyia biashara.

Najua tunavyosema: "Duka langu ni simu, nitauza popote." Kuposti utaposti popote penye mtandao. Mzigo je? Mzigo unapanda basi. Tuseme faida ya shuka moja ni 5,000, na boda mpaka stendi kwenda na kurudi ni 4,000. Umebaki na 1,000, na mvua ikinyesha boda anapandisha bei. Ndiyo maana nikiambiwa kuna kiwanja cha bei poa, kitu cha kwanza nauliza stendi iko umbali gani.

Halafu hospitali. Hapa tunajidanganya sana. Ukiwa na presha au sukari, kliniki siyo ya mara moja, unarudi na kurudi. Moshi kuna KCMC, Mwanza kuna Bugando, Dodoma kuna Benjamin Mkapa. Sisemi ukajenge getini kwao. Nasema uweze kumwona daktari bingwa na kurudi siku hiyohiyo, bila kuomba pa kulala kwa ndugu.

Mimi naitazama Morogoro mjini. Mzigo nachukua Kariakoo, na tangu 2024 kuna treni ya SGR. Naondoka asubuhi, nanunua, jioni niko nyumbani. Kijijini kwetu napapenda, nitakwenda Krismasi na kwenye misiba. Watakaosema nimetupa kwetu, waseme tu.

Ukishapata mji, usikimbilie kujenga. Panga chumba huko miezi mitatu, na mmoja uwe wa masika. Uza ukiwa palepale. Andika kwenye daftari nauli za boda, siku ambazo maji hayakutoka, na mizigo iliyochelewa kwa sababu ya barabara. Ukiridhika ndiyo utafute kiwanja. Mjini uliza hati, kisha nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukahakikishe. Kijijini pitia halmashauri ya kijiji, usimalizane na mzee mmoja chini ya mwembe.

Na tafadhali, pesa ya kujenga itoke kwenye faida. Ukichota mtaji wote ukaweka kwenye tofali, utakuwa na nyumba nzuri na hakuna cha kuuza.

Wewe umepanga kukaa wapi? Andika hapo chini, na utaje nauli ya boda mpaka stendi.