Tuwapeleke wazazi kwa meli gani?

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni nesi, mzaliwa wa Mombasa. Ninaishi Houston, Marekani, na mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka tisa na sita. Wazazi wangu walikuja Novemba kututembelea na watarudi nyumbani Aprili. Mimi na mdogo wangu wa kike, anayekaa Dallas na mumewe, tumechanga pesa tuwapeleke safari ya meli ya kitalii kutoka Galveston, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwangu. Kwa jumla tuko wanane.

Taabu ni kwamba kila mtu ana meli yake. Mume wangu amepata ya siku nne, bei poa, vyumba visivyo na dirisha. Anasema chumba ni cha kulala tu. Mdogo wangu anataka ile meli kubwa kuliko zote, siku saba, yenye mabwawa na mabomba ya kuteleza, watoto wafurahi, na anataka twende katikati ya Machi shule zikifungwa. Mimi nataka roshani, niamke niione bahari. Nimechoka na zamu za usiku, Shangazi.

Baba alikuwa karani wa shehena bandarini Kilindini hadi alipostaafu. Tulipompa habari alicheka, akasema, "Meli nimezipakua maisha yangu yote, safari hii na mimi nipakuliwe." Kisha akauliza hiyo meli inatia nanga wapi, na hakuna aliyemjibu maana tulikuwa tumeshaanza kubishana bei. Mama ana sukari, anadunga insulini, na magoti yanamsumbua. Yeye alisema meli yoyote sawa, mradi jioni tule pamoja, kwani tangu aje hajatuona sote kwenye meza moja.

Mdogo wangu ana mimba ya wiki 18, kwa hiyo hatuna nafasi ya kungoja. Sasa yeye na mume wangu hawajibizani hata kwenye kundi letu la WhatsApp. Lipi la kutazamwa kwanza: bei, meli, chumba au siku?

Dada Mkubwa, Houston

JIBU

Marahaba mwanangu.

Katika hayo manne uliyoyataja, hakuna hata moja la kwanza. La kwanza ni wale mliowachangia pesa, nao wamekwisha sema wanachotaka, tena kwa maneno machache kuliko yenu. Baba ameuliza mtatia nanga wapi: anataka bandari. Mama ametaka meza moja jioni: anataka watu wake. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chenu hakijang'oa nanga na tayari kinayumba, kwa sababu kila nahodha anajipangia likizo yake mwenyewe. Shikeni matakwa ya wazee hao wawili, na mengi yaliyobaki yatajipanga.

Ila kuna mambo mawili yasiyo na mjadala, na hayo yatangulie.

Kwanza ni hiyo mimba. Kampuni nyingi kubwa za meli za kitalii hazimpokei mjamzito ambaye atakuwa ameingia wiki ya 24 wakati wowote kabla safari haijamalizika. Barua yako imenifikia katikati ya Januari, mdogo wako akiwa na wiki 18. Katikati ya Machi atakuwa na wiki 26. Maana yake, aliyechagua tarehe ndiye angerudishwa gatini na sanduku lake. Basi safari iwe ndani ya wiki mbili za kwanza za Februari, naye achukue barua ya daktari inayotaja umri wa mimba. Watoto watakosa siku chache za shule. Zungumza na walimu wao mapema. Faida yake ni kwamba nje ya likizo ya shule bei huwa chini, na jambo hilo litampendeza mumeo.

Pili ni viza ya wazazi. Kuondoka Galveston ni kuondoka Marekani, hata kama meli itawarudisha gati lile lile baada ya siku chache. Fungua pasipoti zao leo uone kama viza ni ya kuingia mara moja au mara nyingi. Ikiwa ni ya mara moja, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kulipa hata senti. Mexico humruhusu mwenye viza hai ya Marekani, au mwenye ukaazi wa kudumu huko, kuingia bila kuomba viza ya Mexico. Nchi nyingine zina sheria zao, na kampuni ya meli humwachia abiria mzigo wa kuhakikisha. Ukikosa karatasi, unakosa safari, na pesa hairudi.

Sasa turudi kwa swali la baba. Ukitoka Galveston unavuka Ghuba ya Mexico, na kuvuka huko kunakula siku nzima ya kwenda na nyingine ya kurudi. Ndiyo maana ile safari ya siku nne ya mumeo kwa kawaida hugusa bandari moja tu, Cozumel. Mzee atakaa majini siku kadhaa ili akanyage nchi kwa saa chache. Rahisi ni rahisi, lakini si alichoomba.

Ya siku saba kwa kawaida hugusa bandari tatu: Cozumel, kisha Costa Maya au Belize City, na kisiwa cha Roatán nchini Honduras. Sikufichi, Roatán ingemgusa baba yako. Kule Punta Gorda wanaishi Wagarifuna, watu wenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Karibi, ambao Waingereza waliwahamisha kwa nguvu kutoka kisiwa cha Saint Vincent mwaka 1797. Mpaka leo wanakuna muhogo na kuoka mkate wake. Lakini huko utafungua swali jipya la viza ya Honduras, muda nao ni mfupi. Na kwenye ratiba yenye Belize City, meli hutia nanga mbali na mji na abiria hushushwa kwa mashua. Mweke mama na magoti yake kwenye ngazi ya mashua inayopanda na kushuka na wimbi, halafu uniambie.

Kwa hiyo mimi ningewatafutia ya siku tano. Nyingi za siku tano kutoka Galveston hugusa bandari mbili, zote za Mexico: Cozumel, na ya pili Costa Maya au Progreso. Chagueni yenye Progreso. Bahari ya pwani ile ya Yucatán ni ya kina kifupi mno, meli kubwa haiwezi kusogea karibu, kwa hiyo walijenga gati linaloingia baharini zaidi ya kilomita sita. Meli za watalii na za makontena hufunga huko mwisho, na basi ndilo linalowafikisha abiria mjini. Mama atashuka, atapanda basi, basi litamshusha mjini. Na baba yako, aliyeishi kwa kuhesabu shehena za watu, atakuwa na gati la kulikagua mwanzo hadi mwisho na kulilinganisha na Kilindini mpaka mchoke kumsikiliza.

Ukishajua bandari na siku, meli inachagulika. Zile kubwa anazozitaka mdogo wako zina urefu wa mita 360 hivi, na mtu mwenye magoti mabovu huipima meli kwa hatua kutoka chumbani hadi mezani. Meli za wastani nazo huwa na bwawa na bomba la kuteleza, na mtoto wa miaka sita hatahesabu yako mangapi. Unapopanga, omba vyumba vya katikati ya meli, ghorofa za chini, karibu na lifti. Katikati na chini ndiko meli inakoyumba kidogo, na mwezi wa Februari pepo za baridi za kaskazini huweza kuichafua Ghuba. Mdogo wako na hali yake atakushukuru.

Kuhusu roshani, nitakugawanya na nafsi yako. Roshani wape wazazi. Nyinyi mkienda kuteleza na kuogelea, mama atakaa sana chumbani, na inafaa akae akitazama maji. Wewe lala kwenye chumba kisicho na dirisha. Mumeo hapo ana haki, hata kama hoja yake ilikuwa bei: kwa mtu wa zamu za usiku, giza la chumba kile ni dawa. Bahari utaitazama kwa mama, mkinywa chai asubuhi.

Ombi la mama nalo lina njia yake, na watu wengi hawaijui. Meli nyingi hukupa uchague chakula cha jioni cha saa maalumu au cha saa yoyote. Chukua cha saa maalumu, kisha uiombe kampuni iunganishe vyumba vyenu vyote na kuwapa meza moja ya watu wanane, ile ile kila jioni. Usipofanya hivyo mapema, mtaishia kwenye bafe, mmoja anakula, mwingine bado yuko kwenye foleni. Insulini ya mama nayo isiingie kwenye masanduku wanayowakabidhi wapagazi gatini, maana huchelewa kufika chumbani. Ibaki mkobani pamoja na barua ya daktari. Friji ya chumbani mara nyingi ni ya soda tu na ubaridi wake si wa kuaminiwa, kwa hiyo omba ya dawa.

Bei sasa, ambayo nimeiweka mwisho kwa makusudi. Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja akilala chumba cha watu wawili, na mara nyingi ni mlango tu. Tuseme imeandikwa dola 450. Ongeza ushuru wa bandari, kama haumo. Ongeza bahshishi ya wahudumu, ambayo kwa kampuni nyingi za huko ni kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku. Kwa watu wanane siku tano hiyo peke yake ni dola 640 hadi 800. Ongeza maegesho Galveston, intaneti, soda, na matembezi ya nchi kavu. Kisha ongeza bima ya wazazi inayolipia matibabu ndani ya meli na kumtoa mgonjwa baharini, na usome kama inakubali sukari aliyokuwa nayo mama kabla ya safari. Hiyo bima isikatwe hata kama pesa inabana. Kateni intaneti.

Matembezi ya siku mbili za bandarini yachukueni ya kampuni ya meli yenyewe. Yakichelewa, meli huwangoja. Mkikodi teksi yenu ikaharibika njiani, meli itang'oa nanga bila nyinyi. Na usijipangie zamu jioni ya siku ya kurudi. Februari ukungu hufunga mlango wa bandari ya Galveston, na meli huweza kukaa nje kwa saa nyingi ikisubiri.

Limebaki la kununiana. Habari ya wiki ya 24 usiiweke kwenye kundi. Mpigie mdogo wako simu umwambie yeye na wewe tu, ili abadilishe tarehe kwa mdomo wake mwenyewe bila mtu kumsuta. Mumeo mpe masharti matano kwenye karatasi: kurudi kabla ya katikati ya Februari, siku tano, Progreso iwemo, roshani moja ya wazee karibu na lifti, meza moja ya watu wanane. Ndani ya masharti hayo, muache atafute bei ya chini kabisa. Kazi hiyo anaiweza kuliko nyote, na akiipata, msifu mbele ya shemeji yake.