Mshika Mbili Moja Humponyoka: Oxford au Cambridge kwa Shahada ya Biolojia?



Somo la wiki hii ni la kidato cha juu, lakini wadogo nao wasome, maana miaka haikawii. Tutajifunza namna ya kulinganisha vitu viwili kwa Kiswahili fasaha, na mfano wetu ni jambo linalozikosesha usingizi nyumba nyingi kila mwezi wa Septemba hapa Uingereza: mtoto anapenda biolojia, alama zake ni nzuri, na mbele yake kuna vyuo vikuu viwili vyenye jina duniani kote. Aende kipi?

Kanuni inayowashangaza wazazi

Fomu ya kuomba chuo inapitia UCAS, na inakuruhusu kuchagua vyuo hadi vitano. Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto ataandika Oxford na Cambridge pamoja, kisha asubiri kitakachojibu. Sivyo. Isipokuwa kwa watu wachache sana wenye hali maalumu, huruhusiwi kuomba vyote viwili katika mwaka mmoja. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hapa ukitaka kushika mbili, hata fomu haitakubali.

Kwa hiyo uamuzi unafanywa kabla ya kuomba, na tarehe ya mwisho ni 15 Oktoba. Vyuo vingine vingi vinapokea fomu hadi Januari, lakini hivi viwili havingoji. Ukianza kufikiri Oktoba, umechelewa.

Majina tofauti, safari tofauti

Ukiangalia vizuri, utaona kwamba shahada zenyewe hazifanani.

Oxford unaomba Biolojia yenyewe. Tangu siku ya kwanza unasoma viumbe: aina zake, jinsi jeni zinavyojenga mwili, ikolojia na mageuko. Masomo ni ya miaka minne, na mwaka wa nne ni wa utafiti wako mwenyewe. Asiyetaka mwaka huo anaweza kuondoka baada ya mitatu akiwa na shahada ya kwanza.

Cambridge hakuna fomu ya Biolojia peke yake. Unaomba Sayansi Asilia. Mwaka wa kwanza unachukua masomo matatu ya sayansi, na juu yake hesabu. Unaweza kuchagua biolojia ya seli, fiziolojia na mageuko, au ukachanganya biolojia na kemia, hata na sayansi ya miamba. Mwaka wa pili unaanza kupunguza, na mwaka wa tatu unabobea katika fani moja, kama vile jenetiki, zoolojia, mimea au biokemia. Baadhi ya fani zina mwaka wa nne.

Mlango wa kuingilia nao una tofauti. Kwa kawaida Oxford huomba alama za A*AA kwa Biolojia, na Cambridge A*A*A kwa Sayansi Asilia. Anayeomba Sayansi Asilia hufanya pia mtihani uitwao ESAT, ambao sehemu yake ya hesabu haina msamaha kwa mtu yeyote. Kujiandikisha kwa mtihani huo hufungwa mapema kuliko fomu yenyewe, na hapo ndipo watoto hodari huangukia. Soma kurasa za chuo chenyewe za mwaka wako, kwa sababu masharti hubadilika.

Kuna jambo jingine dogo lenye uzito. Maelezo yako binafsi kwenye fomu ni yale yale kwa vyuo vyote vitano. Ukiomba Biolojia Oxford na Biolojia kwingine kunne, maneno yako yanalenga sehemu moja. Ukiomba Sayansi Asilia Cambridge na Biolojia kwingine, itakubidi uandike kwa namna itakayowaridhisha wote. Inawezekana, ila inataka rasimu nyingi.

Yanayofanana

Vyuo vyote viwili vimegawanyika katika koleji, ambako mwanafunzi analala, anakula na kupata walezi. Vyote vina vipindi vya mwalimu mmoja na wanafunzi wawili au watatu, ambapo huwezi kujificha nyuma ya darasa. Muhula ni wa wiki nane, na mbio zake ni kali. Usaili hufanyika Desemba na majibu hutoka Januari. Treni ya kwenda London inachukua kama saa moja kutoka miji yote miwili, kwa hiyo mzazi asichague kwa kupima umbali wa sufuria ya pilau.

Nyumbani kwetu pia wamefika

Vyuo hivi viwili vina alama zake Tanzania. Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe wa Gombe, Kigoma, mwaka 1960, kisha Cambridge ikamkubali asome shahada ya uzamivu ingawa hakuwa na shahada ya kwanza. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960, Iain Douglas-Hamilton wa Oxford aliishi na tembo wa Ziwa Manyara, akawatambua mmoja mmoja kwa masikio na pembe, na uzamivu wake ukatokana na kazi hiyo. Wote wawili walitegemea sana watu wa huko waliojua msitu na njia za wanyama. Mtoto wetu anayejua Kiswahili ana kitu mkononi ambacho wanafunzi wenzake wengi watalazimika kukitafuta.

Kwa wazazi

Tuzungumze wazi. Kwanza, biolojia si mlango wa nyuma wa udaktari. Wapo wanaosoma biolojia kisha wakaingia udaktari, lakini ushindani wa njia hiyo ni mkubwa sana. Kama mtoto anataka udaktari, aombe udaktari. Kama anataka biolojia, tusimwambie jamaa harusini kwamba "anasomea udaktari". Anasikia, na anaumia.

Pili, ada. Kwa mwanafunzi anayehesabiwa mwenyeji, vyuo hivi hutoza kiasi kimoja, kwa hiyo ada haiwezi kuamua. Lakini anayehesabiwa mgeni hulipa mara kadhaa zaidi. Familia yenye kibali cha muda iulize chuo mapema hali ya mtoto wao itahesabiwa vipi, isingoje barua ya kukubaliwa.

Tatu, mkopo wa serikali una riba, na kwa familia nyingi zetu za Kiislamu hilo ni jambo la dini, si la mfuko tu. Likaeni chini mlizungumze mtoto akiwa kidato cha tano, si usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho. Vyuo vyote viwili vina ruzuku isiyorudishwa kwa wenye kipato cha chini. Ulizeni kiasi na masharti yake.

Mazungumzo

Someni kwa sauti, mzazi na mtoto.

*Binti:* Shikamoo, mama.

*Mama:* Marahaba, mwanangu. Mbona leo umenuna?

*Binti:* Tarehe inakaribia, na mimi bado nimesimama njia panda.

*Mama:* Si uandike vyote viwili, Mungu akuchagulie?

*Binti:* Hairuhusiwi, mama. Ni kimoja tu.

*Mama:* Basi kipi chenye jina kubwa zaidi?

*Binti:* Majina yanalingana. Hata baba kazini kwake wakisikia lolote kati ya hayo mawili watampongeza.

*Mama:* Haya, tuache jina. Unakumbuka tulipokwenda Tanga kwa bibi yako? Ulikuwa ukishinda pwani ukigeuza mawe, unatafuta kaa. Ukaniuliza anakula nini, na kwa nini anatembea upande upande.

*Binti:* Nakumbuka. Lakini siku hizi, mama, najiuliza zaidi gamba lake limejengwa kwa kitu gani, na mwili unajuaje wakati wa kulivua.

*Mama:* Ehe! Hayo ni maswali mawili tofauti. Lipi linakukosesha usingizi?

*Binti:* (Ananyamaza kidogo.) Hilo ndilo sijajiuliza.

Maoni yetu

Hakuna chuo kilicho bora kuliko kingine kwa kila mtoto. Anayejua kwamba anataka viumbe hai na si kingine, anayefurahia mimea, wanyama na utafiti wa nyanjani, afikirie Oxford kwanza. Anayependa kemia sawa na biolojia, asiyeogopa hesabu, na ambaye hajaamua atabobea wapi, afikirie Cambridge kwanza. Kama hesabu inamtoa machozi, asijitie huko kwa ajili ya jina.

Kabla ya kuamua, nendeni mkaone. Jumba la makumbusho la viumbe Oxford lina kichwa na mguu wa dodo, ndege wa Morisi aliyetoweka katika bahari yetu hii ya Hindi. Jumba la zoolojia la Cambridge lina vielelezo alivyokusanya Charles Darwin, aliyesoma katika chuo hicho. Kuingia ni bure kote. Mtazame mtoto wako anasimama wapi muda mrefu.

Na asipopata? Wanaoomba na kukosa ni wengi kuliko wanaopata. Zile nafasi nne nyingine kwenye fomu zichaguliwe kwa moyo ule ule, kwa sababu huenda mojawapo ikawa ndiyo nyumba yake.

Msamiati

- *hadubini*: chombo cha kutazamia vitu vidogo sana. Usichanganye na *darubini*, cha kutazamia vya mbali.
- *maabara*: chumba cha majaribio ya sayansi.
- *nyanjani*: nje ya darasa, mahali viumbe wanapoishi.
- *mageuko*: mabadiliko ya viumbe kizazi hadi kizazi.
- *usaili*: mahojiano ya kumpima mwombaji.
- *kubobea*: kuwa na ujuzi wa ndani katika fani moja.
- *uzamivu*: shahada ya juu kabisa ya utafiti.

Sarufi: kulinganisha

1. *Kuliko*: Oxford ni kikongwe kuliko Cambridge.
2. *Sawa na*: Napenda kemia sawa na biolojia.
3. *Kuzidi, kushinda*: Hesabu inanishinda. Wewe umenizidi kwa hesabu.
4. *Afadhali, heri*: Afadhali chuo unachokipenda kuliko chuo cha kujisifia.

Tahadhari: watoto wetu wengi husema "zaidi kubwa". Kiswahili husema *kubwa zaidi*. Sifa hutangulia, *zaidi* hufuata.

Zoezi la nyumbani

1. Andika sentensi nne ukilinganisha Biolojia ya Oxford na Sayansi Asilia ya Cambridge. Tumia kila njia ya hapo juu mara moja.
2. Binti wa mazungumzo yetu achague kipi? Mshauri kwa aya moja, na utoe sababu mbili zilizomo katika maneno yake mwenyewe.
3. Wadogo: chora kaa, kisha uandike majina ya sehemu zake kwa Kiswahili. Muulize bibi au babu kwa simu kama hujui.
4. Wazazi: mwulizeni mtoto swali moja tu, "Ni kitu gani kinakukosesha usingizi?" Kisha nyamazeni, msikilize hadi mwisho.

Leteni daftari Jumamosi. Tutasoma majibu kwa sauti, na atakayesema "zaidi kubwa" ataosha vikombe vya chai.