Hewa Tunayovuta: Nani Huipima, na Wajibu Wetu ni Upi?



Katika maeneo ya machimbo kama Nyamongo, vumbi huonekana kwa macho. Yapo pia madhara yasiyoonekana: chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5 hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imelipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) jukumu la kusimamia utekelezaji wake. Kanuni za mwaka 2007 zimeweka viwango vya ubora wa hewa. Mradi mkubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Baadaye wakaguzi hupima, hulinganisha na viwango, na huweza kuamuru marekebisho au kutoza faini.

Hata hivyo, mkaguzi hawezi kufika katika kila ua. Mchimbaji mdogo anayechomea jikoni dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki huwavutisha watoto wake sumu inayodhuru ubongo na figo. Kazi hiyo ifanyike mbali na makazi, kwa kigida, yaani chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke.

Uonapo moshi au vumbi lisilo la kawaida, andika mahali, tarehe, saa na uelekeo wa upepo, kisha toa taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Kata au Afisa Mazingira wa Halmashauri. Maelezo hayo humwonyesha mkaguzi pa kuanzia kupima.