Vyombo Vidogo vya Matanga na Sababu za Kupendwa na Mabaharia

Mtu wa bara afikapo Mombasa kwa mara ya kwanza hustaajabia meli kubwa zilizofunga gatini Kilindini. Si ajabu, kwa maana meli moja huweza kuchukua shehena ambayo mamia ya mashua yasingeiweza. Lakini mabaharia wengi wakiulizwa ni chombo gani wakipendacho zaidi, hawataji meli. Hutaja chombo kidogo chenye tanga moja. Mgeni aweza kudhani ya kuwa hayo ni mazoea tu. Sivyo. Mapenzi hayo yana sababu, na sababu zenyewe ni zile zile katika pwani ya Afrika Mashariki na katika nchi za mbali. Ili kuzifahamu, yafaa kuvitazama vyombo vitatu: ngalawa ya pwani hii, Optimist wa Marekani, na Mirror wa Uingereza.

NGALAWA

Mwili wa ngalawa ni gogo moja, aghalabu la mwembe, lililochongwa na kukombwa kwa shoka na tezo. Gogo hilo ni jembamba. Likitwekwa tanga bila msaada mwingine, hupinduka upesi. Kwa hiyo mafundi hulaza juu yake miti miwili iitwayo mirengu, mmoja upande wa omo na mmoja upande wa tezi. Kwenye ncha za mirengu hufungwa mbao ziitwazo matengo, moja kila upande. Upepo ukilaza chombo, tengo la upande wa chini hukanyaga maji na kukizuia kisizidi kulala. Upepo ukizidi nguvu, baharia mmoja hutoka akaketi juu ya mrengu wa upande wa juu, na uzito wa mwili wake huwa kama jiwe la mizani.

Tanga la ngalawa lina pembe tatu, nalo hufungwa kwenye foromali, yaani mti mrefu unaopandishwa mlingotini kwa kamba. Kamba ya kuvutia pembe ya nyuma huitwa demani. Baharia akiivuta, tanga hushika upepo. Akiilegeza, upepo humwagika. Hivyo mtu mmoja, kwa mkono mmoja juu ya demani na mwingine juu ya usukani, huwa anatawala chombo chote.

Wataalamu wengi wanaona ya kuwa maarifa ya matengo yaliletwa zamani na watu waliovuka Bahari ya Hindi kutoka visiwa vya kusini-mashariki ya Asia, wa jamii moja na wale waliohamia Bukini, ndiyo Madagascar. Hata hivyo, watu wa pwani waliyachukua maarifa hayo wakayafanya kuwa yao. Wavuvi wawili au watatu hutoka alfajiri kwa umande, yaani upepo utokao nchi kavu, na kurudi mchana kwa upepo wa baharini, bila kutumia hata tone moja la petroli. Jambo hilo si dogo kwa mtu ambaye chakula cha watoto wake chategemea samaki wa siku ile.

OPTIMIST

Mwaka 1947, katika mji wa Clearwater, jimbo la Florida, Meja Clifford McKay alitoa shauri kwamba watoto wa mji wapatiwe vyombo vidogo vya kujifunzia matanga. Kazi hiyo alipewa fundi Clark Mills. Sharti lilikuwa gumu: gharama isizidi dola 50. Mills alichora chombo kinachoweza kuundwa kwa mbao mbili tu za plaiwudi. Kwa kuwa mbao hizo zilikuwa fupi, omo yake haikuweza kuchongoka, ikakatwa butu kama sanduku.

Chombo hicho kina urefu wa mita 2.3 hivi na tanga moja dogo. Katikati yake umo ubao unaoshushwa majini ili upepo usikisukume upande. Mwaka 1954 kilipelekwa Denmaki, na kutoka huko kikaenea ulimwenguni. Hutumiwa na watoto wasiozidi umri wa miaka 15. Watu wazima huenda wakacheka wakiliona sanduku hilo, lakini mabaharia wengi walioshinda katika Michezo ya Olimpiki walianza humo.

MIRROR NA MTEPE

Mwaka 1962 Waingereza wawili, Barry Bucknell na Jack Holt, walichora chombo cha mita 3.3 kwa ajili ya watu ambao hawakuwa na fedha za kununua mashua zilizoundwa tayari. Gazeti la Daily Mirror lilikidhamini, kikapewa jina lake na matanga mekundu. Mnunuzi alipelekewa nyumbani vipande vya plaiwudi vilivyokwisha kukatwa, kwa bei ya paundi 63 na shilingi 11, akakiunda mwenyewe. Vyombo zaidi ya 70,000 vya namna hii vimeundwa.

Jambo la kustaajabisha ni namna ya kukiunda. Vipande hutobolewa matundu ukingoni, vikashonwa pamoja kwa waya wa shaba, kisha maungio yakafunikwa kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi. Watu wa Lamu na visiwa vyake wakisikia habari hiyo hawatashangaa sana, maana wazee wao waliunda mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari, mpaka vilipokoma mwanzoni mwa karne ya 20. Tofauti ni kwamba nguvu ya mtepe ilikuwa katika kamba zenyewe, lakini nguvu ya Mirror imo katika gundi. Waya hushika mbao mpaka gundi ikauke tu.

SABABU TATU

Kwanza, vyombo hivi hupatikana. Kila kimoja kiliundwa kwa kumfikiria mtu asiye na mali nyingi.

Pili, hutengenezeka. Kamba ya mrengu ikikatika, mwenye ngalawa hufunga nyingine. Maji yakipwa, hukipandisha chombo mchangani, akakisafisha na kukipaka mafuta ya sifa. Hangoji fundi kutoka mji wa mbali, wala haagizi kipuri ng'ambo. Mtu hukipenda chombo anachokijua ndani na nje.

Tatu, vyombo hivi hufundisha. Katika meli kubwa, baharia hutii amri, na pengine asione matokeo ya kosa lake. Katika chombo kidogo kosa hujibiwa papo hapo: tanga hupiga kofi, chombo hulala, maji huingia. Aliyejifunza hivyo huusikia upepo shavuni kabla haujafika tangani.

MIPAKA YA CHOMBO KIDOGO

Mapenzi yasimfanye mtu asahau hatari. Kusi ikivuma kwa nguvu, hasa mwezi wa Juni na Julai, bahari nje ya mwamba si mahali pa kujaribia ushujaa. Baharia mwenye busara hutazama mawingu kabla ya kutweka. Huchukua upo wa kutekea maji, kamba ya akiba na jaketi la kuokolea kwa kila mtu, na huwaambia watu wa pwani anakokwenda na saa ya kurejea. Kupunguza tanga mapema si woga. Waliozama kwa kuona haya ya kurudi hawakuacha sifa, waliacha mayatima.

Iko hatari nyingine isiyo ya mawimbi. Mwembe mnene huchukua miaka mingi kukua, na fundi hodari hali kadhalika. Kijiji kinachokata miti bila kupanda, na ambacho vijana wake hawaishiki tezo, kitafika siku ya kununua kila chombo kwa bei ya mwingine. Lakini ujuzi ukiwapo, hata mti ukiadimika njia huonekana. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu waliunda jahazi la mita 9 hivi, liitwalo Flipflopi, kwa plastiki zilizotupwa, na mwaka 2019 lilisafiri kwa tanga hadi Unguja. Wahenga walisema, vyaelea, vimeundwa. Mkono unaojua kuunda ndio unaostahili kulindwa kwanza.

MASWALI

1. Tengo la upande wa chini hufanya kazi gani upepo ukilaza ngalawa?

2. Kwa nini omo ya Optimist ni butu?

3. Mtepe na Mirror vinafanana katika jambo gani, na vinatofautiana katika jambo gani?

4. Katika kijiji chako, ni nani ajuaye kuunda chombo, na ni kijana gani anayejifunza kwake?