Jeraha la Mchezaji wa Chuo: Lipi ni la Umma, Lipi ni la Faragha

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wanaocheza katika timu za vyuo, wazazi na walezi wao, na wananchi wote wanaofuatilia michezo kupitia redio, magazeti na mitandao ya kijamii.

Jiji la Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru yana vyuo vingi. Kuna Chuo cha Uhasibu kule Njiro, Chuo cha Ufundi mjini, vyuo vya Makumira na Tengeru kwenye barabara ya kwenda Moshi, na Chuo cha Misitu kule Olmotonyi. Katika vyuo vya namna hii vijana huingia uwanjani wakibeba jina la taasisi yao. Mchezaji wa chuo hana mshahara wa kucheza, hana wakala, wala hana msemaji wa kumjibia. Hata hivyo, anapoumia, habari zake zinaweza kusambaa katika makundi ya WhatsApp kabla mzazi wake hajapigiwa simu.

Swali tunalolijibu ni hili: je, jeraha la mchezaji ni habari ya umma? Jibu letu lina sehemu mbili. Tukio lililotokea uwanjani mbele ya watazamaji ni la umma. Yaliyoandikwa katika faili la matibabu ni ya mchezaji mwenyewe. Mwananchi anayeielewa tofauti hiyo ataweza kutetea haki yake, na pia ataepuka kuvunja haki ya mwenzake.

Kilichoonekana uwanjani

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio ndefu za Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, mwanariadha wetu John Stephen Akhwari alianguka njiani na kuumia goti. Alikuwa mzaliwa wa Mbulu, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha, kabla ya Mkoa wa Manyara kuanzishwa mwaka 2002. Alifungwa bandeji, akaendelea, na akaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Wakimbiaji 75 walianza mbio hizo. Waliomaliza ni 57, na Akhwari alikuwa wa 57.

Goti lile lilionekana na dunia nzima, na hakuna aliyevunja siri kwa kulieleza. Tukio lilitokea hadharani, katika mashindano ya hadhara, na ndilo linaloeleza ukubwa wa alichokifanya. Vivyo hivyo, mwandishi wa michezo wa Arusha anayeandika kwamba mshambuliaji wa chuo fulani alitolewa kwa machela dakika ya 60 akiwa ameshika goti, anatimiza kazi yake. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalinda uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari.

Kilichomo katika faili

Hali hubadilika mlango wa chumba cha matibabu unapofungwa. Daktari hupima na kuuliza mengi kuliko yale yanayoonekana kwa macho. Ndani ya faili la mchezaji aliyeumia goti huweza kuwemo historia ya kifafa, dawa anazotumia, magonjwa ya zamani, na majibu ya vipimo visivyohusiana kabisa na goti. Ibara ya 16 ya Katiba inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa na kulindiwa maisha yake binafsi.

Haki hiyo imefafanuliwa zaidi na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Chini ya sheria hii taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti. Kwa kawaida haziruhusiwi kuchakatwa bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, isipokuwa katika hali zilizotajwa na sheria yenyewe, kama vile pale matibabu yanapohitaji. Taarifa za watoto nazo zimewekwa katika kundi hilo la taarifa nyeti. Jambo hili lina uzito kwa vyuo vinavyopokea vijana waliomaliza kidato cha nne, kwa kuwa baadhi yao huwa hawajatimiza miaka 18.

Wanaobanwa na sheria hii ni pamoja na hospitali, zahanati ya chuo, ofisi ya mshauri wa wanafunzi na uongozi wa timu, kwa sababu ndio wanaokusanya na kutunza taarifa hizo. Vyombo vya habari navyo vina wajibu wao. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inavikataza kutoa maudhui yanayoingilia faragha ya mtu pasipo sababu ya msingi.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano tulioubuni kwa ajili ya somo hili. Msichana anayecheza netiboli katika timu ya chuo anaanguka wakati wa mchezo na goti linavimba. Anapelekwa hospitalini. Kabla ya kupigwa picha ya eksirei anaulizwa kama ni mjamzito, kisha anapimwa, kama ilivyo desturi ya kitabibu ya kuwakinga wajawazito dhidi ya mionzi. Majibu yanaandikwa katika fomu ileile yenye maelezo ya goti.

Matibabu yanahitaji fedha, na wenzake wanaamua kuchangishana. Kiongozi wa timu, kwa nia njema kabisa, anaipiga picha fomu ya hospitali na kuiweka katika kundi la WhatsApp ili wachangiaji waamini kwamba mgonjwa ni wa kweli. Kufikia jioni picha imeshatoka katika kundi hilo na kufika kwenye ukurasa wa habari za michezo. Siku ya pili mtangazaji wa redio anaitaja hewani.

Goti litapona baada ya miezi kadhaa. Lakini jibu la kipimo cha ujauzito, liwe ndiyo au hapana, limeshafika kwa wazazi, wakufunzi, mchumba na watu asiowajua, na hakuna awezaye kulirudisha ndani ya faili. Hakuna aliyekusudia kumdhuru msichana huyu. Madhara yametokea kwa sababu kila aliyepokea taarifa alidhani kwamba, kwa kuwa imekwisha kumfikia, ni halali kuipeleka mbele.

Wachangiaji wangeweza kuhakikishiwa bila fomu hiyo. Ingetosha barua fupi ya chuo yenye mhuri, ikithibitisha kwamba mwanafunzi aliumia mchezoni, anatibiwa, na gharama ni kiasi fulani. Mchango hauhitaji jina la ugonjwa.

Mazoea ya kujifunza kutoka nje

Tarehe 12 Juni 2021, mjini Copenhagen, mchezaji wa Denmark Christian Eriksen alianguka uwanjani moyo wake uliposimama wakati wa mchezo dhidi ya Finland. Wachezaji wenzake walimzunguka na kumpa mgongo, ili kamera na mashabiki wasimwone akihudumiwa. Dunia nzima ilijua kwamba ameanguka. Hilo lilikuwa la umma. Kuhudumiwa kwake ndiko walikokustiri. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliwaomba radhi watazamaji waliosikitishwa na picha zilizorushwa.

Nchini Marekani, ambako michezo ya vyuo ina watazamaji wengi sana, kumeongezeka shinikizo jingine: watu wanaobashiri matokeo kwa fedha hutaka kujua nani ameumia kabla hawajaweka mikeka yao. Mwaka 2023 umoja wa vyuo uitwao Big Ten ulianza kuvitaka vyuo wanachama vitoe, kabla ya mechi za mpira wa Kimarekani, orodha ya wachezaji ambao hawatacheza au wenye shaka ya kucheza. Orodha hiyo inahusu kuwepo au kutokuwepo kwa mchezaji mchezoni. Haina kazi ya kueleza ugonjwa wake. Tunaona hapo funzo linalofaa hata kwetu. Shabiki ana sababu ya kujua kama mchezaji atakuwepo Jumamosi. Hana haki ya kujua ni dawa gani ameandikiwa. Aliyeweka mkeka naye hana haki zaidi ya shabiki mwingine.

Ridhaa iliyo sahihi

Mara nyingi mwanafunzi huwekewa mbele fomu ya usajili wa timu yenye sentensi moja pana, kwamba anakubali taarifa zake zitumike kwa shughuli za michezo. Tunawashauri wanafunzi na wazazi wasiridhike na sentensi ya namna hiyo. Ridhaa iliyo sahihi hutaja taarifa gani itatolewa, itatolewa kwa nani, na kwa kusudi gani. Hutolewa kwa hiari, nayo inaweza kuondolewa wakati wowote. Kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ahusishwe.

Mnaweza kuomba maneno kama haya yaongezwe katika fomu: "Naridhia chuo kitangaze kwamba nimeumia na kama nitacheza au sitacheza. Siridhii jina la ugonjwa, picha za matibabu, majibu ya vipimo wala karatasi za hospitali zitolewe kwa mtu yeyote bila ridhaa yangu nyingine ya maandishi."

Viongozi wa timu nao wanaweza kuwajibu waandishi kwa tangazo fupi: "Mchezaji wetu aliumia katika mchezo wa jana. Yuko chini ya uangalizi wa wataalamu wa afya na hatacheza mchezo ujao. Maelezo zaidi yatatolewa akiridhia mwenyewe." Tangazo hili ni la kweli, linamtosheleza msikilizaji, na halimdhuru mtu. Mchezaji akichagua kueleza mwenyewe hali yake kwa mwandishi, hiyo ni haki yake. Lakini kueleza jambo moja hakumpi mwandishi ruhusa ya kutafuta mengine.

Ikiwa taarifa zako zimetolewa isivyo halali

Kwanza, tunza ushahidi. Piga picha ya skrini inayoonyesha maneno, jina la ukurasa au kundi, tarehe na saa. Kwa kipindi cha redio, andika jina la kituo, la kipindi na muda kilipokwenda hewani. Usiisambaze tena taarifa hiyo, hata kwa nia ya kulalamika.

Pili, mwandikie aliyeitoa. Eleza taarifa iliyotolewa, sema kwamba hukuridhia, na udai iondolewe au isahihishwe. Ikiwa imetoka chuoni au hospitalini, peleka barua kwa uongozi na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Tatu, usiposikilizwa, peleka lalamiko katika chombo kinachohusika. Kuhusu chuo, hospitali au taasisi nyingine iliyotunza taarifa zako, nenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria inampa aliyepata madhara haki ya kudai fidia. Kuhusu redio, televisheni au maudhui ya mtandaoni, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina Kamati ya Maudhui inayosikiliza malalamiko. Kuhusu gazeti, anza na mhariri, kisha unaweza kwenda Baraza la Habari Tanzania, chombo cha hiari cha tasnia ya habari kinachosuluhisha malalamiko juu ya maadili ya uandishi.

Wajibu wa msomaji na msikilizaji

Sheria haiwezi kusimama juu ya kila simu ya mkononi. Sehemu kubwa ya ulinzi huu iko mikononi mwa mpokeaji wa ujumbe. Kabla ya kusambaza habari ya mchezaji aliyeumia, jiulize: je, jambo hili lilionekana na waliokuwa uwanjani, au limetoka katika chumba cha matibabu? Kama limetoka katika chumba cha matibabu, je, mwenyewe amelisema? Likiwa halijasemwa naye, lifute na umjulishe aliyekutumia. Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hutunza siri kwa sababu ameaminiwa. Aliyepokea taarifa za mgonjwa, awe muuguzi, kocha au mwanakundi wa WhatsApp, yuko katika nafasi hiyohiyo.

Maswali ya kujipima

1. Mwandishi anaripoti kwamba golikipa wa chuo alitolewa uwanjani akiwa hajitambui. Je, amevunja faragha? Hapana, ikiwa ameeleza kilichoonekana na hakubuni sababu yake.

2. Kocha anamwambia mwandishi kwamba golikipa huyo ana kifafa. Je, ni halali? Hapana, isipokuwa golikipa ameridhia kwa maandishi kwamba jambo hilo litolewe.

3. Mzazi ametumiwa picha ya karatasi ya hospitali ya mtoto wa jirani katika kundi la mchango. Afanye nini? Asiisambaze, amwombe kiongozi wa kundi aiondoe, na aendelee kuchangia.