Stereo ya zamani na masikio yako

Wapenzi wa benga mjini Oyugis wenye stereo za miaka ya 1970 wanajua faida ya hedifoni: jirani hulala bila kusumbuliwa. Lakini jihadhari, msomaji. Katika nyingi ya stereo hizo, hedifoni hupata nguvu kutoka kwa amplifaya ile ile inayoendesha spika, ikipunguzwa na rezista tu. Nguvu iliyobaki yaweza kuumiza masikio.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Ikifika 90, ni saa 4 tu.

Teremsha sauti kabisa kabla ya kuvaa hedifoni, kisha pandisha polepole. Masikio yakivuma baadaye, hilo ni onyo. Seli za kusikia zikifa hazimei tena.