Castletown: Jumba Lililoponea Chupuchupu

Jumba la Castletown liko Celbridge, kaunti ya Kildare, si mbali na Dublin. Mtaalamu wa majengo ya kale anajibu maswali ya wasomaji.

William Conolly, mwana wa mwenye nyumba ya wageni, alipataje jumba kubwa hivi?

Kwa ardhi. Baada ya vita vya Boyne vya 1690, mashamba ya walioshindwa, wengi wao Wakatoliki, yalitwaliwa na kuuzwa. William Conolly, mwanasheria kutoka Ballyshannon, alijua kuyachuuza. Akawa Spika wa Bunge la Ireland, na mwaka 1722 akaanza kujenga. Ukilisifu jumba, kumbuka na mashamba yaliyoligharimia.

Lililo bora ni lipi?

Wengi husifu uso wake, uliochorwa na Mwitalia Alessandro Galilei. Mimi hupenda ya ndani. Conolly alifariki 1729 bila hata ngazi kuu kujengwa! Iliwekwa miaka thelathini baadaye, enzi za Lady Louisa, aliyeolewa katika ukoo wa Conolly 1758 akiwa na miaka 15 tu. Mawe yake yamechomekwa ukutani upande mmoja, upande wa pili yanaelea. Kuna pia chumba ambacho Louisa alibandika kutani picha za kuchapwa, akizikata na kuzipanga mwenyewe. Taa za kioo alizoagiza kutoka Venice kwa ajili ya ukumbi mrefu zilipofika, aliona bluu yake haipatani na kuta. Ziliangikwa hivyohivyo, na zingalipo.

Na mnara wa matao ulio karibu na jumba?

Ni wa Katherine, mjane wa Conolly. Aliujenga wakati wa baridi kali na njaa ya 1740, ili maskini wapate kibarua.

Lilikaribiaje kupotea?

Halikuchomwa moto kama majumba mengine mengi ya mabwanyenye miaka ya 1920. Liliponzwa na soko. Liliuzwa 1965, vyombo vikapigwa mnada mwaka uliofuata, nalo likabaki tupu. Madirisha yakavunjwa, risasi ya paani ikaibwa. Mwaka 1967 Desmond Guinness, mwanzilishi mwenza wa chama cha kuhifadhi majengo ya enzi za jumba hili, akalinunua kwa fedha zake. Watu wa kujitolea, vijana wengi, wakaja na brashi na ndoo. Umma ukaruhusiwa kuingia mwaka uleule, kazi ikiendelea. Serikali ililichukua 1994.

Vilivyopigwa mnada vilirudi?

Baadhi tu.